Jedwali la Maji na Faili Lililobaki Nyuma

Nilishuka Tanga nikiwa na begi moja, cheti cha kompyuta na woga wa bahari. Kwetu ni milimani, Lushoto, ambako maji ni ya kijito na yanakwenda upande mmoja tu mwaka mzima. Haya ya Tanga yanayokuja na kuondoka sikuyaelewa, wala sikuona haja ya kuyaelewa, maana kazi niliyoitiwa ilikuwa ya kukaa kwenye kiti. Nilipanga chumba Ngamiani, nikapata baiskeli ya mtumba, na kila asubuhi nikawa napita mbele ya maduka yanayofunguliwa kwenda kwenye karakana ya vyombo vya baharini iliyojificha nyuma ya mikoko.

Karakana ilikuwa ya shirika la umma, ikafa nusu wakati wa shida, kisha ilipokuja biashara huria ikauzwa kwa mfanyabiashara wa Kihindi wa hapo hapo mjini. Bosi huyu alizaliwa nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu mimi Msambaa. Aliinunua karakana pamoja na kila kilichokuwamo: vyuma, popo, mafundi waliobaki, na kompyuta moja kubwa kama kabati la nguo ambayo wafadhili waliileta enzi watu wanapanga foleni ya sabuni. Yeye mwenyewe akaleta ya pili kutoka Dubai, mpya na ndogo. Mimi niliajiriwa kwa majaribio, nizihamishe programu za lile kabati ziingie kwenye hii ndogo, kisha kabati liuzwe kama chuma chakavu.

Programu aliyoihitaji kwanza ilikuwa ya maji. Zamani vijitabu vya kupwa na kujaa kwa maji vililetwa kutoka nje, lakini fedha za kigeni zilipokauka vikaacha kuja. Mchoraji ramani mmoja wa karakana, mtu mwenye akili za ajabu kwa ninavyomwona mimi ambaye sikuwahi kumwona, akaandika programu ya kuyapiga mahesabu hayo mwenyewe kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Baadaye alifuata watoto wake ng'ambo na hakuna aliyejua anwani yake.

Bosi alinieleza siku ya kwanza kwa nini ana haraka. Juu ya chelezo, yaani zile reli zinazoteremka majini, lilikaa tishari la kubebea mizigo lililokuwa limemaliza kukarabatiwa. Ni zito, halina injini, na haliwezi kuelea mpaka lipate bamvua kubwa kweli kweli, yale maji yanayojaa kupita kiasi mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Tena si bamvua lolote. Fundi mkuu alitaka kujua ni siku gani hasa maji yatapanda juu zaidi, ili tagi, yaani boti ya kulivuta, iitwe kutoka Mombasa siku hiyo hiyo.

"Tishari hili lisiposhuka bamvua hili," bosi akasema, "mwenyewe anavipeleka vyombo vyake vyote Mombasa. Ameshachoka na sisi. Basi nami nitafunga chelezo, nibaki na godauni."

"Na mafundi?"

"Mafundi ndio hao unaowaona, binti. Waliobaki."

Niliwaona kila siku kupitia dirishani, wanakwangua kutu huku wanataniana. Fundi mkuu alikuwa mtu mzima wa Kigombe, kijiji cha wavuvi. Nikimwamkia shikamoo aliitika marahaba bila kuinua kichwa. Nadhani aliniona kama msichana aliyeletwa kuwaondoa watu kazini kwa mashine yake.

Sasa niseme kidogo juu ya C, maana ndiyo iliyonifanya nisilale vizuri, si kwa hofu bali kwa udadisi. Programu ya C inagawanywa vipande vidogo, kila kipande na kazi yake, na vipande hivyo tunaviita fanksheni. Kimoja kinapomwita mwenzake, kompaila, yaani ile programu inayoligeuza andishi kuwa kitu mashine inachokielewa, haiendi kumchungulia huyo anayeitwa. Inataka iambiwe mapema: nitakuja na nini, nitarudisha nini. Ni kama mpishi wa shughuli. Haendi kuwahesabu wageni majumbani kwao; unamwambia mapema, naye anaamini na kuinjika masufuria. Maelezo hayo ya mapema huwekwa kwenye mafaili ya pembeni, mafaili ya vichwa. Na usipomwambia kitu, kompaila ya zamani haiulizi. Inakisia tu kwamba kitakachorudi ni namba nzima isiyo na desimali.

Nililiunganisha kabati na kompyuta mpya kwa kebo, nikaanza kuvuta mafaili ya yule bwana mchoraji ramani moja baada ya jingine, pole pole, huku nimekunja mikono. Yote yalikuwa pamoja mahali pamoja, nikafurahi kwa unadhifu wake. Nilipomaliza nikazima, ila waya sikuuchomoa ukutani. Asubuhi umeme ukarudi kwa kishindo baada ya kukatika, kabati likatoa harufu ya plastiki iliyoungua na halikuwaka tena.

Ndipo nilipogundua kwamba faili moja sikulivuta. Juu kabisa ya kila faili yule bwana alikuwa ameandika mstari wa kuagiza lisomwe kwanza faili lake la vichwa, na lenyewe alilihifadhi sehemu nyingine, mbali na wenzake. Matangazo ya fanksheni zake zote yalikuwa mle. Lilikufa na kabati, na mpaka leo najiuliza aliandika nini ndani yake.

Niliufuta mstari ulioliagiza, nikajaribu hivyo hivyo. Kompaila ikanung'unika kidogo ikakubali. Nikaomba urefu wa maji ya kesho bandari ya Tanga. Programu ikajibu mita elfu moja na mia kadhaa. Nilicheka peke yangu ofisini. Kwa hesabu ile bahari ingefika kwetu Lushoto, mama angevua samaki akiwa jikoni.

Lakini sikuweza kuacha kufikiri juu yake. Kwa nini elfu moja? Kwa nini si sifuri, au kosa tupu? Nilifuata namba ile siku nzima kama mtu anayefuata sauti ya maji chini ya sakafu. Mahesabu ya maji yote yamejengwa kwa kosaini, fanksheni ya hesabu za pembe, na kosaini hurudisha desimali. Kwa kuwa hakuna aliyeitangaza, kompaila ilikisia kwamba itarudisha namba nzima, ikaenda kuitafuta mahali namba nzima huwekwa, ikakuta takataka iliyobaki hapo, ikaichukua kwa heshima zote. Kosaini ilikuwa imejibu sawasawa. Jibu lake liliachwa limekaa mahali pengine na hakuna aliyelichukua. Niliagiza faili la vichwa la hesabu lililokuja na kompaila yenyewe, na bahari ikateremka kutoka Usambara mpaka mita tatu na ushee. Nilifurahi mno, nikaenda kununua mhogo wa kuchoma.

Zikabaki fanksheni za yule bwana mwenyewe. Alizipa majina ya Kiswahili, jambo lililonipendeza: urefu, mwezi, saa. Nikaketi kuandika faili jipya la vichwa kwa kusoma kila fanksheni na kubuni tangazo lake. Ile ya saa ilikuwa fupi. Inapokea namba nzima, inaondoa humo mia tatu na sitini, inafanya mgawanyo, inarudisha namba nzima. Mia tatu na sitini ilijaa kila pahali mle ndani, maana mahesabu ya maji ni mahesabu ya duara na duara lina nyuzi mia tatu na sitini. Sikushtuka. Nikaitangaza: inapokea namba nzima, inarudisha namba nzima. Kompaila haikunung'unika hata kidogo.

Printa ikachapa jedwali. Siku ya maji makubwa kuliko yote ilijitokeza wazi, na mbele yake kulikuwa na saa za kujaa: 10.01 na 10.25. Nikampelekea fundi mkuu. Akaiangalia karatasi kwa mkono ulionyooshwa mbali, kama wanavyofanya wasiokuwa na miwani.

"Barabara," akasema. "Kama ya zamani vile vile. Hii hii ndiyo niliyokuwa naitaka."

Nikatembea kurudi ofisini nimenyoosha shingo. Bosi akaniambia niandike faksi kwa wenye tagi: siku fulani, maji yanajaa 10.25, mfike mapema. Akampa fundi mkuu aisome kwanza. Fundi mkuu akaisoma, akatikisa kichwa kukubali. Faksi ikaenda.

Siku moja kabla ya siku yenyewe nikashikwa na hamu. Nilikuwa nimekaa wiki kadhaa na namba za maji na sikuwa nimewahi kuyatazama maji yenyewe kwa makusudi. Nilitaka kuiona namba ikitimia. Jedwali lilinipa maji kujaa kabla kidogo ya saa nne asubuhi, basi saa nne kasoro nikachukua karatasi yangu nikaenda pembeni ya mikoko.

Bahari haikuwapo. Palikuwa na matope yanayong'aa mpaka mbali, reli za chelezo zimekaa wazi hadi mwisho wake, na huko nje kabisa wanawake wameinama wanachokoa pweza kwenye miamba. Niliitazama karatasi, nikatazama matope. Nikageuza karatasi juu chini, sijui nilitarajia nini. Nilidhani programu nzima ni uongo, siku si siku, urefu si urefu, na tagi iko njiani.

Nilimkuta fundi mkuu anapaka grisi kwenye nyaya za winchi ya kushushia vyombo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona wahema?"

"Maji hayapo."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike Tanga. "Saa hizi yawepo yafanye nini? Bamvua hujaa saa kumi, mwanangu. Wewe mwenyewe umeandika." Akachukua karatasi mkononi mwangu, akaweka kidole chenye grisi juu ya namba. "Kumi na dakika moja alfajiri. Kumi na ishirini na tano jioni. Hiyo ni ya kesho; leo yatatangulia kidogo tu."

Niliangalia kidole. Tangu shule ya msingi nikiona kumi imeandikwa namna ile, jicho langu linasoma saa nne kabla sijafikiri, kama linavyosoma uso wa saa ya mkononi. Yeye alisoma kumi ikawa kumi. Mia tatu na sitini haikuwa nyuzi za duara. Ilikuwa dakika, saa sita kamili, zinazoondolewa ili saa za mashine ziwe saa za kwetu zinazoanza jua likichomoza. Yule bwana alikuwa amewaandikia mafundi wa Tanga. Programu ilikuwa sahihi kila nukta, kompaila haikuwa na sababu ya kulalamika, namba nzima ilitangazwa na namba nzima ikarudi. Na nilivyoisoma mimi ilikuwa imepinduka yote kwa utulivu kabisa, maana saa sita ndizo zinazotenganisha kujaa na kupwa, kila penye maji palisomeka pakavu na kila pakavu palisomeka maji.

Niwe mkweli, kabla hofu haijafika nilihisi raha. Ilikuwa raha ya kitendawili kinachofunguka. Kisha nikakumbuka faksi.

"Fundi, ile faksi uliyoisoma. Iliandikwa kumi."

"Ndiyo, kumi."

"Mwenye tagi ataisoma nne."

Akaiweka brashi ya grisi chini. Hakunigombeza, na ningependelea anigombeze. Alikwenda moja kwa moja kwa bosi na mimi nyuma yake, na bosi akashika simu mpaka adhuhuri. Laini ya Mombasa ilipopatikana tukaambiwa tagi ilishaondoka, ina kazi nyingine baada ya yetu, na nahodha hapokei maneno ila akifika.

Kesho yake kabla ya saa nne ikafika kweli, ikasimama nje kwenye kina, haiwezi kusogea. Nahodha akaja kwa mashua ndogo, akashuka akatembea matopeni suruali imekunjwa. Mafundi wote walikuwa wamekaa juu ya magogo kando ya chelezo, hakuna anayetaniana.

"Jamani, mwanicheza shere?" akasema. "Mwaniita maji kujaa, nakuja nakuta shamba la mpunga!"

Bosi akafungua mdomo. Nikamtangulia, kwa sababu nilijua nisiposema mara ile sitasema. Nilimweleza yote pale matopeni: lile faili lililokufa na kabati, fanksheni ya saa, mia tatu na sitini, jinsi kumi ya fundi ilivyo kumi na kumi yangu ilivyo nne. Nahodha akanisikiliza kichwa kimeinama upande. Nikadhani anakasirika. Kumbe alikuwa anafuata hesabu.

"Hebu ngoja," akasema. "Hiyo mashine yenyewe yajua kama hizo ni saa za wapi?"

"Haijui. Inajua ni namba nzima tu."

"Wala haiulizi?"

"Haiulizi."

"Ajabu." Akajikuna kidevu. "Mimi chomboni nasoma ya kizungu, nyumbani nasoma ya kwetu, na sijapata kukosea hata siku moja. Lakini hakuna aliyepata kuniandikia namba tupu namna hii." Kisha akaitazama saa yake na uso ukarudi ulivyokuwa. "Nna kazi nyengine, mwajua. Wanangoja jioni hii. Siwezi kukaa hapa kutwa."

Macho yake yakapita juu ya tishari, rangi yake mpya, kisha yakateremka kwa mafundi kwenye magogo. Mmoja alikuwa amekuja amevaa kanzu, nadhani kwa kuwa siku ile ilikuwa ya kushusha chombo na alitaka kuonekana vizuri.

"Hawa nikiondoka?" akamuuliza fundi mkuu.

"Ukiondoka hakuna jingine," fundi mkuu akasema. "Tunafunga."

"Wote?"

"Na mimi."

Nahodha akaivua saa yake akaitia mfukoni. Kisha akatafuta gogo lenye nafasi, akakaa kati ya mafundi, akaanza kujifuta matope miguuni.

"Basi leteni chai," akasema. "Na huyu binti aje anieleze tena hiyo habari ya kosaini, sikuishika vizuri."

Nikaeleza. Nimewahi kufundisha baadaye, darasani, watu wenye madaftari na kalamu, lakini sijapata tena msikilizaji kama yule. Aliuliza kila kitu. Alitaka kujua jibu la kosaini lililoachwa linakwenda wapi, na kama linauma. Mafundi wakaanza kucheka, kwanza kwa woga, kisha kweli. Na wakati tunaongea maji yalikuwa yanarudi bila sauti, yakafunika mwisho wa reli, yakafunika mawe, yakafika kwenye magurudumu ya kitanda kilicholibeba tishari relini. Sikuwa nimewahi kuyaona yakija. Nilinyamaza katikati ya sentensi nikayatazama, na hakuna aliyenilaumu.

Tagi iliingia baada ya alasiri. Winchi ikalegezwa taratibu, tishari likateremka kwa mikwaruzo, likasimama, likateremka tena. Kiasi cha saa kumi na nusu upande wa nyuma ukainuka kidogo, ukatulia, ukainuka. Fundi mkuu alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, kiganja chake kimelala kwenye chuma. Alipiga ukelele mmoja, neno la kwao nisilolijua, na nahodha akavuta. Tishari likatoka kwenye kitanda chake bila hata kutikisika. Yule mwenye kanzu aliingia majini nayo.

Mimi nilirudi ofisini. Nilifungua lile faili langu jipya la vichwa, na juu ya tangazo la saa nikaandika mstari ambao kompaila huuruka bila kuusoma, kwamba hizi ni saa za kwetu, za kuhesabia jua. Nilikuwa bado nautazama mstari huo mlango ulipofunguliwa. Fundi mkuu aliingia anachuruzika maji mpaka kwenye sakafu ya bosi, jambo ambalo halikuruhusiwa, akasimama mbele ya mashine aliyokuwa hajawahi kuikaribia.

"Mwenye tishari amepiga simu," akasema. "Analeta la pili. Nichapie maji ya mwezi ujao."

Nikaamuru printa ianze, nikalia kama mtoto mbele yake. Alisubiri karatasi imalizike kutoka, akaichukua kwa ncha za vidole ili asiilowanishe, akaenda nayo kwa wenzake.